Karibuni Nyote

Mtangazaji wa serikali ya jimbo hupita vijiji vya Kerala, kusini mwa India, kwa bajaji, kipaza sauti mkono mmoja, kiganja cha pili kikiwa sikioni. Alizoea kutangaza sherehe za makanisa na mahekalu, ndiyo maana hata onyo la homa ya popo, ugonjwa hatari unaoletwa na popo, hulimalizia kwa, "Karibuni nyote na familia zenu!" Asubuhi alisema wenye homa wasitoke ndani, mchana, wakimbilie hospitali. Bibi mmoja, Eliyamma, mjukuu akimchemkia kwa homa begani, akamsimamisha.

"We mwanangu, nishike lipi?"

Mtangazaji akazima kipaza sauti. Bila mashine, sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu aliyekemewa.

"Ammachi, bibi yangu, mke wangu naye ana homa tangu jana. Siku nzima nazunguka nione wenzangu mnafanyaje."