Jezi za Watani wa Jadi

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikawalea wadogo zangu. Timu ya mpira aliyoishabikia baba sikuihama hata siku moja. Mwaka huu kitinda mimba wetu alinifuata Guangzhou kununua bidhaa, nikampa nafasi kwenye kontena langu. Siku ya kupakia nilifungua robota lake moja, nikakuta jezi za watani wetu tupu.

“Shusha.”

“Dada, hii biashara tu. Wao ndio mabingwa, zitauzika.”

“Kwangu hazipandi.”

“Mzee mwenyewe angecheka.”

“Baba alikufa hujajua hata kutembea. Usinifundishe angecheka nini.”

Alishusha marobota yake yote, hata ya jinzi, akaondoka kutafuta kontena la mtu mwingine. Sikumwita. Niliwaambia wapakiaji wafunge milango.