Ukurasa Uliofungia Sambaza

Harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga ilinifuata kutoka soko la Kadutu hadi nyumbani, na nilipofungua karatasi waliyofungiwa ili mwanangu ale, nikaona mwandiko wa Mama. Mafuta yalikuwa yameloweka maelezo ya Zaburi, lakini penseli ilisomeka: "Ukifika hapa nitakuwa nimerudi." Miezi mitatu nilikuwa nikidai kitabu cha Mama nilichokiazimisha kanisani, na mtunza vitabu alikuwa akiniambia, "Maman, kitabu yako iko, tunaitafuta tu." Siku ile uvumilivu uliniishia.

Nilikuwa na miaka tisa, wakati wa vita. Mama alikwenda Walungu kumchukua bibi, akaniacha kwa shangazi na kitabu chake cha kufafanua Biblia, chembamba, cha Kiswahili chepesi ambacho hata mtoto anaelewa. Kila asubuhi, kabla ya kuteka maji, unasoma mistari michache ya Biblia, kisha maelezo yake nusu ukurasa, kisha unanyamaza. Maneno yale ya penseli aliyaandika kwenye somo la ishirini. Barabara ikafungwa. Nyumba ilijaa wakimbizi, tulilala kichwa kwa miguu, na sijawahi kuwa peke yangu kama pale. Nilijikunyata nyuma ya jiko, mbao zikinuka moshi, nikasoma masomo matatu kwa siku. Nilidhani nikiwahi kufika, naye atawahi. Shangazi akauliza, "We mutoto, unakimbizana na nani na hiyo kitabu?" Nikafungua ukurasa uliofuata. Siku ya saba nikafika, nikakaa mlangoni mpaka mvua ikaniloanisha. Nikajua kosa ni langu, nimesoma kwa pupa. Nikarudi somo la kwanza, moja kwa siku, kama alivyoniagiza. Hakurudi.

Kitabu kile kilipona vita mikononi mwa mtoto. Mwaka jana nilikiazimisha kanisani, wasio na cha kusomea nao wasome, na huko kuna kabati, kufuli na mtunzaji. Nilimpelekea ule ukurasa wenye mafuta. Akautazama, akasema, "Tulipata vipya, maman. Vile vya zamani tuliwapa mamans wa sokoni wafungie."

Nikaomba kalamu palepale, nikaandika:

"Kwa baraza la wazee. Nalalamika kwamba kitabu changu kimetolewa bila kuniuliza. Sitaki kipya. Mtu atumwe kwa wauza sambaza akusanye kurasa zilizobaki, hata zenye mafuta. Mama yangu hana kaburi ninalolijua. Mwandiko wake ulikuwa humo. Ukurasa wa somo la ishirini ninao, na siuazimishi tena kwa mtu. Nangoja jibu la maandishi."