Baiskeli Isiyobeba Gunia

Siku ninayoikumbuka vizuri kuliko ya harusi yangu, mwanangu, ni ile niliyopanda baiskeli mpya kuipeleka kwa mchomelea vyuma, nami sikufika. Nilikuwa na miaka hamsini na nane. Usicheke. Ujinga nilioubeba siku hiyo ulikuwa bado kijana, maana niliupata nikiwa na ishirini na mbili.

Wakati huo nilikuwa na kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli hapa Kamina, niliyoachiwa na marehemu baba yangu, mtu wa reli. Nilikuwa naipanda kwenda kwaya. Baba mkwe akaniomba nimbebee gunia la mahindi, mara moja tu. Nikakubali kwa heshima. Mara moja hiyo ilidumu zaidi ya miaka thelathini. Baada ya mahindi yalikuja makaa, baada ya makaa samaki wakavu wa Kinkondja, ambao nawauza mpaka leo. Gunia likishakaa, mwenye baiskeli hana pa kukaa. Anatembea pembeni, anasukuma kwa fimbo iliyofungwa kwenye usukani. Baiskeli nikaijua kwa ubavu tu, na kwaya nikaiacha.

Basi mwaka juzi nikanunua hii mpya. Muuzaji aliiita ibridi: nusu ya lami, nusu ya mchanga. Nikahesabu vitesi, yaani gia zake: tatu mbele, saba nyuma. Nikarudia, kwa sababu muuzaji alikuwa anatabasamu mno. Zilikuwa kamili. Karia ya kufungia mzigo haikuwepo, na hilo sikulilalamikia.

Shemeki Banza, mdogo wa marehemu mume wangu, akaizunguka pale uani.

"Mama Numbi, hii kinga iko mukondefu sana. Itabeba nini?"

"Itabeba minyi."

"Weye tu? Ehee! Si banasema iko nusu-nusu? Nusu yangu iko wapi?"

Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka, maana neno lilikuwa zuri. Hapo ndipo anapokukamatia: ukishacheka naye, unaona vibaya kumkatalia. Akaomba nimbebee magunia matano ya makaa kwa wiki. Akashuka hadi matatu, akashuka hadi moja. Mimi ni mtu wa soko, najua kwamba mtu anayeshuka haraka hivyo ameshaona atakapopandia. Lakini ulimi ukasema, "Haya, moja tu."

Kesho yake akatangulia kwa mchomelea vyuma na nondo alizonunua mwenyewe, fremu ikazwe na karia ichomelewe. Mimi nimfuate na baiskeli.

Nikapanda. Mita za kwanza zilikuwa aibu. Nilibadilisha vitesi kinyume, miguu ikazunguka kama ya kuku anayefukuzwa, na baiskeli karibu palepale. Mama mmoja anayeuza mihogo akaniuliza, "Mama, unaenda ao unasaga?" Nikabonyeza tena, mnyororo ukasema tak, na nyumba zikaanza kurudi nyuma. Penye mchanga, ambapo nilizoea kusukuma mpaka jasho linaingia machoni, tairi ziliyumba kidogo zikapita. Kwenye reli nilikaza meno, nikavuka nimekaa. Nimekaa, mwanangu! Kilichonishangaza zaidi ni ukimya. Hakuna kamba inayolia, hakuna gunia linalonivuta upande. Upepo ukaingia ndani ya kitambaa cha kichwa, na nikajikuta naimba sauti ya pili ya wimbo wa zamani.

Ndipo nikamwona Shemeki kando ya barabara, nondo mkononi, na mchomelea vyuma ameshavaa miwani yake. Nikahesabu haraka: gunia moja, mara moja. Nikahesabu tena, nikapata miaka thelathini mingine, ambayo sina.

"Mama Numbi, ni hapa! Punguza!"

"Napaona, Shemeki!"

Nikaweka vitesi nzito, nikapita.

"Bantu batasema nini?" akapiga kelele nyuma yangu.

"Batasema nimepita!"

Mwezi mzima hakunisalimu. Ukoo ukaniita, nikaenda kwa baiskeli. Wakaniuliza kama sina haya. Nikawaambia ile kinga ya zamani nampa Shemeki, na fimbo yake juu. Hii mpya ina mzigo mmoja, kilo sitini na nane, nimeupima mara mbili.

Sasa nisikilize, maana sitazunguka. Ukinunua kitu cha kukubeba wewe, watakuja watu unaowapenda, na sababu zao zitakuwa nzuri. Wasaidie kwa vingine ulivyo navyo. Lakini kataa gunia la kwanza, usisubiri la kumi. Wakuite mchoyo, utaitika na utaendelea kukaa. Na kama ulimi umeshasema ndiyo, miguu bado ina ruhusa ya kusema hapana.

Vidye, Mungu wetu, akupe magoti mazima na njia kavu. Na siku watakapokungoja barabarani na nondo mkononi, akupe vitesi nzito, na wimbo wa kupitia.