Kreti za Mbao kwa Kichwa

Asubuhi moja pale Kibwezi haijawahi kunitoka akilini, mwanangu. Ilikuwa miaka ya tisini, wakati kompyuta ilikuwa inafunikwa na kitambaa cha kushona kama redio ya nyanya yako. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nane, lakini mdomo wangu ulikuwa umeendelea mpaka chuo.

Kazi yetu ilikuwa kupokea bamia za wakulima na kuzituma Nairobi. Kreti inawekwa kwa mizani, programu ya kompyuta inatoa uzito wa kreti, inabakisha wa bamia. Rafiki yangu Mutuku alikuwa ametengeneza programu ingine ya kupima kama hiyo ya kwanza inafanya kazi sawa. Kila asubuhi inajifanya mkulima, inaingiza kreti za uongo, inaangalia kama majibu ni yale inategemea. Ikimaliza inaandika "Sawa" ama "Imekataa", basi. Haikuwa na maneno mengi kama mimi.

Siku hiyo iliandika imekataa, na ikikataa hakuna kupimia mtu bamia. Nje wakulima wamepanga laini, jua inachoma, na lori ya Nairobi haingoji. Bamia ikinyauka mnunuzi anairudisha, na jasho yote ya mtu inakuwa chakula ya mbuzi.

Tukaanza kubahatisha. Mutuku anabadilisha hapa, mimi namwambia abadilishe na pale, tunazima, tunawasha. Imekataa. Nikasema tuifute tu hiyo ya kupima, maana kabla izaliwe hakuna mtu alikuwa analia. Mama Mwikali, mkubwa wetu, alikuwa ameshaingia na akanisikia.

Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Mbuzi ya kwenu ikipotea, mnauliza nini kwanza?"

"Ilionekana mwisho wapi, Mama."

"Na hii mmeiuliza?"

Nikavuta kiti karibu na kompyuta.

Akatuambia turudishe kila kitu tulikuwa tumegusa, kwa ile nakala tulikuwa tumeweka kwa disketi jana yake jioni. Halafu Mutuku akaongeza mistari kwa ile programu ya kupima, ndio iseme kila hatua imefika wapi na imebeba nini. Printa ikaanza kulia kama kuku anataga. Tukafuata karatasi na kidole. Kuingiza kreti, sawa. Uzito wote, sawa. Kutoa uzito wa kreti, hapo majibu yakatofautiana, na Mutuku akaanza kucheka. Jana yake tulikuwa tumeacha kreti za mbao, tukachukua za plastiki, ambazo ni nyepesi. Alibadilisha uzito kwa programu ya kazi, akasahau ile ya kupima. Mizani ilikuwa sawa kabisa. Mpimaji, yaani ile programu ya kupima, ndiye alikuwa bado na mbao kwa kichwa.

Akarekebisha, ikaandika sawa, na lori ikaondoka bamia ikiwa bado imesimama. Mzee wa kwanza kwa laini aliniuliza kama hiyo mashine ilikuwa inangoja chai.

Sasa mwanangu, wewe unakaa na hizi mashine kutwa, shika hii. Ukitengeneza kitu ya kupima ingine, usikubali iseme imekataa tu. Iseme ilikuwa wapi, ilishika nini, ilitegemea nini. Ifunze kusema hivyo mapema, siku kila kitu iko sawa, kwa sababu siku ya shida hakuna wakati wa kuifunza. Soma kabla uguse. Ukigusa, gusa kitu moja, halafu jaribu tena. Ukumbuke mpimaji pia hukosea, lakini usimfunge mdomo kabla hujasikia ameona nini.

Mungu akupe macho ya kufuata njia mpaka mwisho, akupe mkubwa wa kazi mwenye subira, na akubariki mpaka majirani waulize siku hizi unakula nini.