Nilimjibia Mke Wangu Simu ya Chuo

Nilimkosea mke wangu na sitafuti mtu wa kulaumiwa pamoja na mimi. Yeye mwenyewe alishaacha kuniuliza kwa nini. Mimi ndiye bado najiuliza, nikiwa kazini, nikiwa kanisani, nikiwa nimekaa tu na chai inapoa mbele yangu.

Mimi ni seremala hapa Kitale, natengeneza vitanda na makochi. Mke wangu, nitamwita Nekesa, alisomea upangaji wa miji. Nilipomuoa alikuwa na kazi ya mkataba kwa ofisi moja ya mipango hapa mjini. Nilijivunia, jamani! Nikienda kwetu Bumula nilihakikisha kila mtu amejua bibi yangu ana digrii.

Kutembea na yeye mjini ilikuwa kazi. Atasimama mahali maji yamejaa barabarani akuonyeshe vile mtaro ulielekezwa vibaya. Atakuonyesha akina mama wamepanga nyanya karibu na magurudumu ya malori, akuambie hao si wakaidi, ni soko lilijengwa mahali watu hawapiti. Nilikuwa namcheka, lakini nilipenda kumsikiliza.

Sasa, pale ofisini bila shahada ya uzamili, ile masters, unabaki msaidizi tu. Akataka kwenda kuisomea Nairobi, miaka miwili. Aliniuliza kwanza kabla ya kutuma maombi. Nikamwambia aende, mimi na mama tutaangalia watoto. Mdomo ulisema hivyo. Roho haikuwa imekubali.

Niliogopa. Wakati huo singekubali kuiita hofu, lakini ndiyo hiyo. Rafiki yangu mmoja pale karakana aliniuliza kama bibi akirudi na masters bado atapikia fundi wa vitanda. Tulicheka wote. Mimi nikaenda na hayo maneno nyumbani, nikalala nayo, nikaamka nayo.

Halafu mama yangu akapasuliwa jicho. Nekesa akaomba ruhusa kazini, akaenda Bumula kumuuguza. Kule kwetu mtandao ni wa kubahatisha, na kwa maombi yake alikuwa ameandika namba yangu kama ya pili.

Simu iliingia nikiwa napiga msasa kichwa cha kitanda. Alikuwa mama mmoja wa pale chuoni, mtu wa heshima sana. Akasema Nekesa amechaguliwa, lakini hapatikani kwa simu, na kabla ya kutuma barua wanataka kujua kama ataichukua hiyo nafasi kwa sababu kuna wengine wanangoja.

Ningesema ndiyo, ingeisha hapo. Nikasema, "Ameamua kukaa na watoto kwanza."

Yule mama akataka uhakika. "Ni uamuzi wake mwenyewe?"

"Ndiyo, madam. Amesema niwashukuru."

Hiyo ya kushukuru mpaka leo sijui ilitoka wapi.

Nekesa aliporudi aliniuliza kama kuna mtu alipiga. Nikasema hapana. Akangoja. Alipochoka kungoja akapiga mwenyewe, akaambiwa darasa limejaa. Hakuuliza zaidi. Si mtu wa kubembeleza. Aliniambia labda hakuandika vizuri, labda kuna wenye wanajua kumshinda. Na mimi nikamshika bega nikamfariji! Mimi!

Mkataba wake ukaisha, na hiyo kazi ikapewa mtu mwenye masters. Akakaa nyumbani, baadaye akaanza kuja karakana kunisaidia kupaka vanishi. Mjini tulikuwa tunapita tu. Maji yakijaa barabarani anaruka, anaendelea na safari.

Nilifikiria akiwa karibu nitatulia. Wapi! Simu yake ikilia nashtuka. Nikaanza kugombana juu ya chumvi, juu ya soksi za watoto. Karakana nilikuwa nahamisha meza ya kazi kutoka ukuta huu kwenda ule, kesho nairudisha. Vijana wangu wa kazi wakaniuliza kama natafuta kitu. Nikawafokea.

Miaka ikapita. Siku moja rafiki yake wa zamani kazini alimwita Bungoma asaidie kutafsiri kwa Kibukusu kwenye kikao cha wananchi. Kulikuwa na mpango wa kuhamisha soko na wazee walitaka kuelezwa kwa lugha yao. Mimi nilikuwa na kabati la kupeleka hapo hapo Bungoma, tukaenda pamoja.

Kikao kilipoisha, afisa wa mipango aliyekiongoza, msichana bado mdogo, alikuja kumshukuru. Akamuuliza majina yake kamili. Kusikia tu akamshika mkono na mikono yote miwili.

"Kumbe ni wewe! Mimi ndiye nilipewa nafasi yako chuoni. Waliniambia mumeo amesema umeamua kukaa na watoto. Nimekuwa nikitaka kukuambia asante."

Nekesa hakuniangalia. Alimpongeza yule dada. Akamuuliza masomo yalikuwaje, kama walimu walikuwa wazuri, kama walipelekwa kuona miji mingine. Alikuwa anatabasamu, na kweli alitaka kujua. Mimi nilisimama hapo natamani anitukane mbele ya watu wote.

Tukarudi kwa njia ya Kamukuywa mpaka nyumbani Kitale. Akapikia watoto, wakala. Walipotoka nje kucheza akaketi.

"Baba Wafula, ulisema nini kwa simu?"

Nikamwambia yote, hata ile ya kushukuru.

"Si ungeniambia hutaki niende," akasema. "Ningekasirika, tungegombana, lakini ningejua ni nani amenikataa. Mimi nimekaa hapa nikifikiri ni mimi mjinga."

Akahamia chumba cha watoto. Niliomba msamaha mpaka maneno yakaniishia. Pasta akaja akaongea. Mama yangu aliposikia alilia, kwa sababu wakati mimi naharibu maisha ya Nekesa, Nekesa alikuwa kwake anamuosha uso na kumtia dawa. Mama aliniambia nisije kwake na hizo pole zangu, nizipeleke kwa mwenyewe. Nilizipeleka. Hazikupokelewa.

Mwaka uliofuata akaomba tena, na hapo hakuniuliza. Alipochaguliwa alipeleka watoto kwa dada yake Bungoma, akaenda. Alimaliza. Sasa yeye ni mpangaji wa miji huko Bungoma. Watoto huja kwangu shule zikifungwa. Hanitukani, hanisemi vibaya. Nikimpigia ananisalimia vizuri, kama jirani, ananiuliza kazi iko aje. Hiyo salamu inanimaliza kuliko matusi.

Juzi mtoto wetu Wafula aliniambia kwa simu, akiwa na furaha, ati mama amepata kazi kubwa zaidi kaunti ya mbali na wote wanahama. Alifikiri najua. Nikamwambia ndiyo, najua, hongera kwa mama. Nikavaa viatu nikaenda steji ya Bungoma. Gari lilipojaa nikamwachia mwingine kiti. Likajaa la pili, nikaachilia pia. Nikifika nimwambie nini? Asiende?

Nikarudi karakana. Hata hapo sikukaa. Nimekuwa nikizunguka tangu hiyo siku, nalala vibaya, nakata mbao vipimo vinakataa.

Wewe mwanamume unayesoma hii, kama bibi yako amepata chuo na roho yako haijakubali, mwambie. Mwambie unaogopa ataenda aone wengine, akuone mdogo. Wacha akucheke. Wacha mgombane hata wiki nzima. Lakini usimjibie. Mimi nilijibu, na sasa habari za bibi yangu naletewa na mtoto.