Ukuta Niliomwandikia Mama

Watu wazima wa kwetu Handeni walikuwa hodari wa misiba. Walijua nani achimbe kaburi, nani apike, nani apokee wageni na matanga yaanuliwe lini. Mtoto tu ndiye asiyekuwa na nafasi yake. Aliambiwa, "Nenda ukacheze," na akirudi kuuliza, aliambiwa marehemu amesafiri.

Mimi niliambiwa hivyo kuhusu mama. Uchungu wa uzazi ulimzidi, akapelekwa hospitali Korogwe. Mimi na mdogo wangu wa kike tukapelekwa Kilole, kwa shangazi. Tuliporudi tulikuta mikeka ya majirani imejaa ukumbini na baba amenyoa kichwa. Bibi, mama yake baba, akasema mama amesafiri, amekwenda kwao milimani Usambara.

"Atarudi lini, bibi?"

"Mkiwa na adabu, atarudi."

Hilo la adabu sijawasamehe mpaka leo. Nilifagia uwanja bila kutumwa, nikateka maji, nikajizuia kumpiga mdogo wangu hata aliponing'ata. Kila lori lililotoka upande wa Segera nililikimbilia barabarani. Majirani waliniona silii, wakanisifu kwa bibi: "Huyu amesahau upesi, alhamdulillahi."

Kisha ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Mikutanoni tuliahidiwa bomba, zahanati na shule. Wakubwa waligombana juu ya mihogo yao ambayo haijakomaa. Mimi nilikuwa na shida moja tu: mama akirudi akute nyumba haina watu, atatupataje?

Nilimwuliza baba. Akasema atajua tu. Nikamwuliza nani atamwambia.

"Nimesema atajua!"

Sikuridhika, nikachukua mkaa jikoni. Mama alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima na hakuwa amefika mbali. Jioni tulisoma pamoja, akiniita mwalimu kwa utani, na neno likiwa refu alicheka na kuniachia mimi. Kwa hiyo nilimchagulia maneno mafupi anayoyaweza. Niliandika kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa chumba chake: MAMA TUKO KULE. NJOO. Chini yake nikachora mshale kuelekea barabarani.

Siku ya kuhama, mgambo walianza kuezua paa ili mtu asirudi nyuma. Baba aliingia kuchukua kitanda, akayaona maandishi. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Aliyasoma polepole huku midomo ikimcheza, maana naye hakuwa msomaji wa mbio, akafika mwisho, akarudia. Nikajua sasa ataniambia kitu.

"Nani amechafua ukuta?" akasema.

Ukuta wenyewe ulikuwa unakwenda kubomolewa! Akanishika bega, akanipeleka kwenye lori.

Katika kijiji kipya tulipokewa na balozi wa nyumba kumi, mtu tusiyemjua kabisa, aliyekuwa akipima viwanja kwa kamba. Mimi nilipewa ncha moja niishike. Katikati ya kupima akamwuliza baba, "Na mama watoto yuko wapi?"

"Marehemu," baba akajibu. "Tulimzika mwaka jana."

Alilisema bila kusita. Mgeni aliuliza mara moja tu akaambiwa.

"Pole sana, mzee," balozi akamwambia, kisha akanigeukia. "Wee mtoto, kaza kamba!"

Nikaikaza. Hiyo ndiyo pole ya kwanza niliyoisikia katika msiba wa mama yangu, na haikuwa yangu.

Nilimchukia baba, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo. Sasa nina wajukuu, najua aliogopa kilio changu kwa kuwa kingeamsha chake. Kujua hivyo hakujanipunguzia kitu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wetu walikificha na kilio chenyewe, wakasema ni huruma.

Jioni ile tulikula ugali nje, nyumba ikiwa bado rundo la fito tu. Lori likapita, na mdogo wangu akasimama kama nilivyomfundisha. "Hili ndilo la mama?" akauliza. Baba aliinamia sahani. Bibi akasema la mama litakuja kesho.

"Haliji," nikasema. "Mama amekufa. Wamemzika."

Bibi alinizaba kofi. Mdogo wangu akaangua kilio, na hapo hapo wote wakamwinukia: nyamaza, nyamaza mwanangu, shika nyama hii, usilie. Nyama yenyewe walikuwa wamemnyima muda mfupi uliopita. Nikamtoa mikononi mwao, nikamweka mapajani na kumwambia alie. Baba akaniamuru nimnyamazishe. Sikumtii. Tulilia wote wawili mbele yao mpaka chakula kikapoa, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyejua aweke wapi mikono yake.