Kaburi la Mama Si Safari

Shangazi yangu Nerina alikuwa mwoga, na ninasema hivyo nikimpenda. Mlango wa nyumba yake ulikuwa na kufuli tatu, naye alizifunga zote hata akienda tu kuanika nguo uani. Simu ikilia alishika kifua kwanza, ndipo akapokea. Lifti hakupanda, ndege ndiyo kabisa. Sisi wa ukoo tulimcheka mezani kila Krismasi, naye alicheka pamoja nasi, halafu akaenda jikoni kuhakikisha gesi imezimwa.

Sasa mtu wa namna hiyo alipotangaza kwamba atampokea mwanafunzi wa kigeni kwa mwaka mzima, tulidhani anatania. Lakini mumewe alikuwa ameshafariki, watoto hawakujaliwa, na nyumba ilikuwa imeanza kumtisha kwa ukimya wake. Basi akaja Orasa, binti wa miaka kumi na sita kutoka Thailand, mwembamba, mcheshi, anayetia pilipili hata kwenye polenta, ugali wetu wa mahindi. Haikuchukua muda akawa anamwita shangazi kama mimi ninavyomwita, na shangazi akawa anamsubiri kituo cha basi kila mchana na mwavuli, mvua iwepo isiwepo.

Chama kilichomleta kilikuwa na masharti yake ya safari. Mwanafunzi haendeshi gari. Haombi lifti barabarani. Halali nje bila wenyeji wake kujua. Na hatoki nje ya nchi, hata kwa saa moja, bila ruhusa ya wazazi wake na ya chama. Akivunja hilo la mwisho, anarudishwa kwao. Wenyeji wengine waliyasoma masharti siku ya kwanza wakayasahau. Shangazi aliyakariri kama sala, na bado roho haikutulia. Alimpigia mratibu, Bi Rossana, kuomba ruhusa ya kumpeleka mtoto kwa daktari wa meno. Akampigia kuhusu soko la Alhamisi. Akampigia kuhusu harusi ya jirani, ambayo ilifanyika nyumba ya tatu kutoka kwake.

"Mama Nerina, nakuomba," Bi Rossana alimwambia siku hiyo, nami nilikuwa nimekaa palepale nasikia. "Mkirudi nyumbani kula chakula cha jioni, hiyo si safari. Usinipigie tena kwa mambo kama hayo."

Shangazi aliona haya, na hakupiga tena.

Kijiji chetu, karibu na Gorizia, kilikatwa na mpaka baada ya vita. Nyumba zilibaki Italia, kanisa na makaburi vikaangukia upande wa pili, enzi hizo Yugoslavia, baadaye Slovenia. Miaka ninayoisimulia vizuizi vilikuwa bado havijang'olewa, lakini sisi wenyeji tulikuwa na pasi ndogo ya mpakani, na kwa pasi hiyo tulivuka kununua nyama, kujaza mafuta, kula kwa shemeji. Hakuna aliyesema anakwenda nchi za nje. Ulisikia tu, "Naenda kwa kina Stanko." Na Sikukuu ya Watakatifu Wote kijiji kizima kilivuka kwa miguu kwenda makaburini, kila mtu na maua yake, na askari hata pasi hakuuliza. Ukiwa umebeba maua, unapita.

Basi siku hiyo ya Novemba shangazi alimvika Orasa koti lake la sufu, akampa chungu cha maua meupe, akafunga kufuli zake tatu, tukaondoka. Mimi nilibeba mishumaa. Kwenye kizuizi kidogo cha kijijini alikuwepo askari mzee aliyetujua tangu utoto.

"Piteni, piteni," alisema, hata kitini hakunyanyuka. "Mnisalimie marehemu."

Orasa alipita na uso wote umezama katika maua.

Kaburini tulipangusa majani, tukawasha mishumaa, na Orasa akapiga magoti, akaunganisha viganja mbele ya paji la uso jinsi wafanyavyo kwao. Shangazi alimtazama, kisha akamsimulia jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisikia kwa vipandevipande tu. Mama yake alikufa naye akiwa bado mtoto mdogo, na mwaka uliofuata mpaka ukafungwa. Siku ya Watakatifu Wote babu, yaani baba yake, hakuruhusiwa kuvuka. Akatia mshumaa ndani ya koti, akapenya kwenye mizabibu, na kumwacha Nerina pembeni ya shamba na maua mkononi, amsubiri. Ukasikika mlio mmoja wa risasi. Babu hakufa, ila walimfunga kule miezi mingi, na mguu haukupona tena. Nerina alikaa pale ameshika maua mpaka jirani alipomkuta.

"Ulilia?" Orasa aliuliza.

"Niliogopa kulia. Nilidhani wakinisikia watapiga tena."

Kutoka hapo tulikwenda kula kwa Stanko, mume wa marehemu dada yake shangazi, mtu wa maneno mengi na divai nyingi. Jioni ilipoingia alitusindikiza hadi mpakani na kipande cha keki ya njugu kwapani. Askari mzee alikuwa amemaliza zamu. Mahali pake alisimama kijana mgeni, kofia imenyooka, viatu vinang'aa. Alitazama pasi ya shangazi, akatazama yangu.

"Na huyu?"

"Huyu wa kwangu," shangazi alisema. "Anakaa kwangu."

"Mama, sijauliza anakaa wapi. Karatasi zake ziko wapi?"

"Ziko nyumbani. Si tulikuwa kaburini tu, afande, na jioni tunarudi kula..."

Hapo akageuka. Nilimwona akitazama kile kizuizi, mti wenye rangi nyekundu na nyeupe aliouvuka maisha yake yote, kana kwamba kimeota asubuhi ile.

"Mungu wangu," alisema. "Nimemtoa nje ya nchi."

Kijana hakuwa mkatili, lakini aliijua kazi yake. Kizuizi kile ni cha wenyeji wenye pasi tu, alisema. Akamuuliza Orasa viza yake ni ya namna gani. Ya kuingia mara moja, Orasa akajibu. Basi ameshaingia na ameshatoka, alisema askari. Turudi nyuma tusubiri amuulize mkubwa wake.

Tulirudi hatua chache, tukasimama Slovenia, na nyumba ya shangazi tunaiona kwa macho. Orasa, ambaye sikuwahi kumwona bila kicheko, alikuwa ameng'ang'ania mkono wa shangazi.

"Watanirudisha?" aliuliza. "Shangazi, kwetu watasema nimefukuzwa. Baba alimwambia kila mtu mtaani kwamba nimechaguliwa."

Stanko alicheka. "Mnaomboleza nini nyie? Shamba langu lile pale. Binti anapita katikati ya mizabibu, anatokea nyuma ya banda lako la kuku, kwisha habari. Nani atajua?"

"Naweza!" Orasa alisema. "Mimi nakimbia sana!"

Kusema kweli, na mimi niliona ndiyo njia. Vijana wa kijiji walipita hapo kila wiki wakienda disko.

Shangazi akasimama kati ya Orasa na lile shamba.

"Hapiti mtoto kwenye mizabibu ile."

"Shemeji, hayo ni ya zamani! Siku hizi nani anapiga mtu risasi?"

"Wewe unajua hivyo, Stanko. Miguu yangu haijui." Akanigeukia. "Nipe simu. Na wewe nenda nyumbani, pasipoti yake iko ndani ya oveni, chini ya trei."

"Ndani ya oveni?"

"Mwizi gani anafungua oveni? Nenda!"

Nilikimbia. Kufuli tatu zilinitesa, kana kwamba woga wake ni mafua nimeambukizwa. Niliporudi, gari la Bi Rossana lilikuwa tayari limesimama kizuizini upande wetu. Shangazi alikuwa amemwambia yote bila kujitetea, na Bi Rossana, maskini wa watu, alikuwa mweupe kama karatasi.

Askari aliichukua pasipoti, akaongea na mkubwa wake muda mrefu, akiichambua ukurasa kwa ukurasa. Mwishowe alisema Orasa ataruhusiwa kuingia kwa mara hii tu, jina lake likiandikwa. Nilishusha pumzi. Shangazi hakushusha, maana lililokuwa gumu lilikuwa bado.

"Mama Nerina," Bi Rossana alisema, "sharti unalijua kuliko mimi. Ametoka bila ruhusa. Lazima nimpigie mama yake sasa hivi, na akisema arudi, atarudi wiki hii. Siwezi kukuficha."

"Piga," shangazi alisema.

Kule kwao watu walikuwa wameshalala. Orasa aliongea kwa lugha yake, haraka, huku analia, na mara moja moja tulisikia jina la Nerina. Halafu sauti ya mama yake ikatoka, ndogo, kali. Orasa akanyanyua uso.

"Anauliza umenipeleka wapi."

"Mwambie kwa mama yangu. Mwambie nilisahau kwamba kwa mama yangu ni nchi nyingine."

Orasa akasema. Kisha swali lingine.

"Anauliza kwa nini hukunipitisha kwenye mizabibu. Nimemwambia Stanko alivyosema."

"Kwa sababu naogopa." Shangazi akamtazama Orasa. "Mwambie naogopa kila siku. Ukichelewa basi naogopa. Ukikohoa usiku naamka. Mwambie hata sasa naogopa. Akisema urudi, namwelewa."

Orasa alitafsiri polepole. Sauti ya kule ilipojibu haikuwa kali tena. Orasa alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta pua kwa mkono wa lile koti la sufu.

"Mama anasema nibaki kwako," alisema. "Anasema tangu nilipoondoka alidhani anayeogopa ni yeye peke yake."

Bi Rossana akaangalia pembeni. Askari akanyanyua kizuizi. Shangazi alimshika Orasa mkono kwa mikono yake miwili, wakavuka, na tulipofika nyumbani alifunga kufuli zote tatu, na safari hiyo hakuna aliyemcheka.